Shajara ya mradi: ubora wa maisha ya wenye mawe ya figo, Arua

Desemba: tunapoanzia

Karatasi ya altrasaundi anayokuja nayo mgonjwa huwa na maneno machache: jiwe liko figo ya kulia au ya kushoto, lina milimita ngapi, figo imevimba au haijavimba. Ni mambo ya lazima kuyajua. Jiwe lisilofika milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe na mkojo. Likizidi hapo uwezekano huo unapungua kadiri linavyokua, na lenye sentimita moja kwenda juu kwa kawaida huhitaji mkono wa daktari bingwa wa mfumo wa mkojo. Ila karatasi hiyo haisemi mwenye jiwe analalaje, kazini anafikaje, wala ameacha nini tangu aambiwe ana jiwe. Mradi huu unayatafuta hayo kwa utaratibu, kwa namba zinazoweza kulinganishwa, kwa Kiswahili, hapa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, na kwenye mipaka ya Vurra (kuingia Kongo) na Oraba (kuingia Sudan Kusini).

Kwa nini Kiswahili, katika eneo lenye Kilugbara, Kikakwa, Kimadi na Kinubi? Kwa sababu wagonjwa tunaowalenga ni watu wa barabarani na wa kambini: madereva wa malori ya Juba na ya Kongo, utingo wao, askari polisi na familia zao, wanajeshi wastaafu, wafanyabiashara wanaovuka Vurra na vitenge na samaki. Ukiwakalisha benchi moja, lugha inayowakutanisha ni Kiswahili. Toleo la Kilugbara lina timu yake na shajara yake.

Kuhusu chombo cha kupimia, njia zilikuwa kadhaa. SF-36 ni dodoso lenye maswali 36 yanayogusa nyanja 8 za afya, na inaweza kumpima mtu yeyote mwenye ugonjwa wowote. EQ-5D ni fupi zaidi: kutembea, kujihudumia, shughuli za kawaida, maumivu, wasiwasi na huzuni, kisha mstari wa 0 hadi 100 ambapo mtu anaonyesha afya yake ilivyo siku hiyo. Ufupi huo ni msaada mkubwa kwa dereva anayehojiwa kivulini huku lori lake likipakuliwa. Lakini inapima siku moja, na jiwe la figo lina siku zake. Usiku mmoja maumivu yanaanzia chini ya mbavu nyuma, yanashuka hadi kinenani, mtu anatapika na hapati namna ya kukaa wala kulala. Wiki inayofuata anatembea kama mtu mzima kabisa.

Chombo cha tatu ni WISQOL, dodoso lililotengenezwa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Marekani, na Kristina Penniston na Stephen Nakada, wakalichapisha mwaka 2013. Lina maswali 28 kwa ajili ya wenye mawe ya figo peke yao, yamegawanyika katika maeneo manne: maisha na watu wengine, hisia, athari za jiwe lenyewe, na nguvu za mwili. Alama hugeuzwa kuwa 0 hadi 100, na kadiri inavyopanda ndivyo maisha yalivyo bora. Miaka michache kabla ya hapo, mwaka 2007, watafiti hao hao waliandika kwamba miongoni mwa wenye mawe, wanawake na wanaume hawana ubora wa maisha ulio sawa, na wanawake ndio walio chini. Tumechukua WISQOL iwe mhimili na EQ-5D iwe pembeni yake.

Januari: karatasi na ruhusa

Mwezi wa barua. Kamati ya maadili ya utafiti kwanza, kisha usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kisha ofisi za afya za wilaya na wenyeviti wa LC1 (baraza la kijiji) wa maeneo tutakayoingia. Fomu ya ridhaa imesomwa kwa sauti mbele ya watu wasio wa timu hadi tukaridhika kwamba mtu asiyejua kusoma anaielewa kwa masikio tu.

Tafsiri ya dodoso imekwenda kwa njia inayojulikana: watu wawili wanatafsiri kila mmoja peke yake, matoleo mawili yanaunganishwa, mtu asiyeliona dodoso la asili anarudisha Kiswahili kwenye Kiingereza, kisha kamati inalinganisha. Maswali 28 ya WISQOL hayapunguzwi wala hayaongezwi. Tukiona kuna jambo halimo, linakwenda kwenye karatasi yetu ya nyongeza na halichanganywi na alama za dodoso. Hili tumeliandika mapema kwa sababu najua tamaa itakuja.

Februari: kadi na benchi la maegesho

Wahojiwa wengi wanapendelea kusomewa. Majibu ya ngazi tano yakisomwa mfululizo, la kwanza linasahaulika kabla la tano halijafika, kwa hiyo tulichora kadi za kusaidia jicho: glasi tano, kuanzia tupu hadi iliyojaa. Mama mmoja muuza maharage wa soko kuu alizichukua mkononi, akazipanga juu ya gunia lake, akaonyesha glasi iliyojaa.
"Hii ndiyo siku mbaya," akasema. "Imejaa, hakuna pa kuongeza."
Mwenzake wa meza ya pili akazipanga kinyume: iliyojaa ndiyo afya, tupu ndiyo mtu aliyekwisha. Wote wawili wana hoja, na kadi inayosomwa pande mbili haifai kupimia.

Sasa kadi zina mwanamke anayetembea na mzigo kichwani. Ya kwanza hana kitu, ya pili amebeba kifurushi, na kadi zinapanda hivyo hadi ya tano, gunia zima, shingo imekaza. Hakuna aliyeuliza upande upi ni mbaya. Maneno ya dodoso hayakuguswa, kadi inakaa pembeni yake tu.

Jambo kubwa la mwezi huu limetoka Oraba. Dereva mmoja, mtu mzima, mpole, amewahi kupata maumivu ya jiwe mara kadhaa na ana jingine ambalo bado liko kwenye figo. Tulimhoji akiwa hana maumivu. Swali la usumbufu wa safari alijibu: hakuna. Kukosa kazi: hakuna. Usingizi: mzuri. Alama zake zikatoka juu, za mtu asiye na shida. Tulipofunga karatasi akabaki kwenye benchi akizungusha kifuniko cha chupa, akasema:
"Daktari, mimi Juba siendi tena. Nimemwachia gari mdogo wangu. Mimi napeleka mchanga hapa hapa mjini."
Nikamuuliza tangu lini.
"Tangu lile jiwe la Nimule, njia ya Juba. Lilinishika njiani, usiku, peke yangu. Utingo alikuwa hajui kuendesha."

Mchanga wa mjini unalipa sehemu ndogo ya alichokuwa akipata kwa safari ya Juba. Mtoto wake wa shule ya bweni amerudishwa shule ya kutwa. Na dodoso linasema hana usumbufu wa safari, kwa sababu kweli hasafiri. Hakudanganya kwenye swali hata moja.

Hapa ndipo mradi ulipopata kazi yake hasa. Wanaopima maisha ya wagonjwa wanalijua jambo hili: mtu hujipanga upya kuuzunguka ugonjwa, akapunguza dunia yake hadi ikatoshana na mwili wake, na baada ya muda anapima kila kitu kwa dunia hiyo ndogo. Jiwe likinyamaza wiki 4, dodoso la wiki 4 linanyamaza nalo. Kwa hiyo karatasi ya nyongeza imepata maswali yake ya kwanza: kwa sababu ya mawe ya figo, kuna kitu ulichokuwa ukifanya ambacho sasa umekiacha au umekipunguza? Kilikuwa kinakuletea nini? Jiwe lingeondoka leo, ungekirudia?

Hilo la mwisho naliona ndilo zito kuliko yote. Anayejibu "hapana, hata likiondoka" anatuambia kwamba hofu imekaa kuliko jiwe, na ana haki nayo: bila kinga, karibu nusu ya waliowahi kupata jiwe hupata jingine ndani ya miaka 10.

Mwezi wa Ramadhani

Kiangazi cha West Nile, kanda yetu hii, na mfungo vimekutana. Joto na jasho hupunguza mkojo, mkojo mchache huwa mzito, na chumvi zilizomo hukutana zikaganda. Mawe mengi ni ya kalsiamu na oksalati. Kwa hiyo kila tunachopima mwezi huu tumekiwekea alama ya msimu, tusije tukalinganisha Machi na Agosti kana kwamba ni hali moja.

Maji ndiyo kinga yenye ushahidi wa wazi. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 1996 na Borghi na wenzake uliwafuata kwa miaka 5 watu waliopata jiwe lao la kwanza. Waliokunywa maji mengi, asilimia 12 walipata jiwe tena. Wasiobadilisha unywaji wao, asilimia 27. Shabaha inayotolewa na madaktari ni mkojo wa lita 2.5 kwa siku, na kwenye joto la hapa maana yake ni kunywa lita 3 na zaidi.

Ushauri huo ni sahihi na nautetea. Lakini kwa mtu wa hapa ushauri huo pia ni mzigo, na mzigo huo hauandikwi popote. Muuza nyanya anayekunywa lita 3 lazima aende choo cha kulipia mara nyingi kwa siku, amwachie jirani meza, na arudi akute mteja amekwenda. Dereva anayekunywa lita 3 lazima asimamishe trela mahali ambapo wenzake hawathubutu kusimama. Nyumba inayonunua maji kwa jerikeni inahesabu kila kikombe. Mama mmoja, mke wa askari, anaishi kambini ambako choo kinatumiwa na familia nyingi. Kwa hiyo hanywi kitu kuanzia magharibi, asitoke gizani. Daktari akimwuliza kama anakunywa maji anajibu ndiyo, na ni kweli, mchana anakunywa.

Tumeongeza maswali ya gharama ya kinga: choo kiko wapi, kinalipiwa, usiku unatoka na nani, maji ya kunywa unayapataje. Tunaandika kwa shilingi pale panapowezekana na kwa maneno ya mtu mwenyewe pale pasipowezekana.

Mzee mmoja wa Kinubi, mtu wa msikitini, alituuliza kama afunge. Hilo tulimwachia daktari wake na sheikh wake. Qur'ani imempa mgonjwa ruhusa ya kula na kulipa siku nyingine, na sheikh wake alimwambia hivyo hivyo. Lakini alilokuja nalo hasa lilikuwa jingine. Tangu aanze kunywa maji kama alivyoagizwa, udhu haukai. Katikati ya tarawehe lazima atoke safu, apite mbele ya watu, akatawadhe upya, na akirudi rakaa zimempita. Sasa anaswali nyumbani.
"Msikiti ule nimeujenga kwa mikono yangu," alisema, akatuonyesha mikono.

WISQOL haina swali la ibada, na EQ-5D haina. WHOQOL-100, dodoso la Shirika la Afya Duniani, ina eneo zima la imani na roho, na sasa naona kwa nini waliliweka. Kwa mzee huyu, kati ya yote ambayo jiwe limechukua, hili ndilo alilolitaja kwanza na ndilo pekee lililombadilisha sauti. Limeingia kwenye nyongeza: je, ugonjwa huu umebadilisha namna unavyoswali au kusali pamoja na wenzako? Limeandikwa hivyo ili Waislamu na Wakristo walijibu sawa. Wanakwaya wawili wa kanisa wamekwisha kulijibu kwa namna ambayo mzee angeitambua.

Aprili: chakula, kisha stenti

Kuhusu chakula kwa kifupi, ingawa watu wanataka kulizungumza kuliko lolote. Wengi wameambiwa na majirani, na wengine na wahudumu wa afya, waache dodo (mchicha), karanga, simsim, maziwa, nyama, vyote kwa pamoja. Dodo na karanga kweli zina oksalati nyingi. Lakini maziwa ya kawaida hayafai kuachwa: kalsiamu ya chakula hukamatana na oksalati tumboni kabla haijafika kwenye figo, na utafiti mwingine wa Borghi, wa mwaka 2002, ulionyesha kwamba lishe yenye kalsiamu ya kawaida, chumvi kidogo na nyama kidogo ilizuia mawe vizuri kuliko lishe ya kukata kalsiamu. Chumvi ndiyo ya kupunguza, na hakuna mhojiwa hata mmoja aliyetaja kuambiwa chumvi. Kuna mama anayepika mboga ya karanga kwa watoto na kula posho (ugali) kavu pembeni, peke yake. Huyo tumempeleka kwa mtaalamu wa lishe kwanza, dodoso baadaye.

Stenti. Ni mrija laini unaowekwa kutoka figo hadi kibofu ili mkojo upite wakati jiwe limeziba au baada ya kulivunja. Unaokoa figo, na unasumbua: kukojoa kila mara, kuungua, damu, maumivu ya kiuno wakati wa kukojoa. Dodoso lake la pekee, USSQ, lilichapishwa Uingereza mwaka 2003 na Joshi na wenzake, na tayari walionyesha kwamba zaidi ya robo tatu ya wenye stenti walikuwa na dalili za mkojo zinazowakera. Mrija huo ni wa muda. Ukiachwa ndani miezi mingi, chumvi zinaganda juu yake, nao wenyewe unakuwa jiwe.

Kijana mmoja wa Vurra, mbeba mizigo, alikuja na alama za chini kuliko mtu yeyote tuliyemhoji. Usingizi hana, kazi ameacha, nyumbani analala chumba cha peke yake. Alidhani jiwe limerudi. Mhoji wetu akamuuliza swali la kawaida la historia: uliwahi kufanyiwa upasuaji? Ndiyo, mbali na hapa, zaidi ya mwaka. Walikuwekea kitu ndani? Hakujua. Alikuwa na fomu ya kuruhusiwa kwenda nyumbani, imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kitambulisho cha taifa. Stenti imeandikwa kwenye fomu hiyo, kwa kifupisho cha Kiingereza, bila tarehe ya kuitoa.

Hospitali iliyomhudumia siitaji hapa. Kijana amepewa rufaa siku ile ile, mwenyekiti wa LC1 akachangisha nauli, na picha imethibitisha mrija umo na umeshaanza kujengewa chumvi. Utaratibu wetu tangu siku hiyo: kila mwenye historia ya upasuaji wa mawe anaulizwa kuhusu mrija kabla ya swali lolote la ubora wa maisha, kwa mchoro, si kwa maneno. Tumechora figo, njia ya mkojo na kibofu, mrija wenye ncha mbili zilizojikunja umepita katikati. Watu wanautambua mchoro, au wanasema hapana kwa uhakika. Walio na mrija wanaandikwa kwenye kauntabuku yenye tarehe ya kutolewa, na mtu mmoja wa timu ana kazi ya kuwapigia simu.

Nimeona wenzetu wakisema kupima ubora wa maisha ni anasa ya nchi zenye hospitali nyingi. Alama ya kijana huyu ndiyo iliyotufanya tumuulize zaidi. Vipimo vya damu alivyokuja navyo vilikuwa karibu na kawaida.

Mei: kuuliza mara ya pili

Dodoso linalotoa jibu tofauti kwa mtu ambaye hajabadilika halina kazi, kwa hiyo tunawarudia wahojiwa baada ya wiki mbili hivi. Kwa mawe ya figo wiki mbili ni nyingi: jiwe linaweza kutoka, au kushuka na kuanza vita. Tunaanza na swali la kama kuna kilichobadilika, na aliyebadilika anahesabiwa kundi jingine, ambalo nalo lina faida yake, kwa kuwa linaonyesha kama chombo kinayahisi mabadiliko.

Alpha ya Cronbach, kipimo cha maswali ya eneo moja kuvuta upande mmoja, tunaitaka ifike 0.7 kwa kila eneo. Hesabu zitafanywa tukimaliza kukusanya, si kabla. Mara nyingi tumeulizwa "zinaonekanaje mpaka sasa?" na jibu langu linabaki hilo, hata kwa wafadhili.

Kuwapata watu mara ya pili ndiyo kazi. Dereva ana laini ya Uganda, ya Sudan Kusini na ya Kongo, na iliyo hewani inategemea yuko upande gani wa mpaka. Tumeanza kuandika pia namba ya mke, ya utingo, na ya mama anayewapikia chakula maegeshoni. Huyu wa mwisho ndiye anayejua kila gari liko wapi.

Juni: hali ilivyo na kinachofuata

Toleo la Kiswahili la WISQOL limefungwa, halitaguswa tena. Karatasi ya nyongeza ina sehemu nne: vilivyoachwa, gharama ya kinga, ibada na watu, na chakula cha pamoja. Itachambuliwa peke yake na kuwekwa kando ya alama za WISQOL, ili ionekane wazi ni nani ana alama ya juu huku ameacha mengi. Kundi hilo ndilo ninalolisubiri kuliko lolote.

Wanawake bado ni wachache kwenye orodha. Mipakani na maegeshoni tunakutana na wanaume. Kuanzia mwezi ujao wahoji wawili wa kike watakaa soko kuu na kambi ya polisi, saa za asubuhi kabla biashara haijachanganya, na maswali ya unyumba yataulizwa na wao tu. Wahoji wa kiume watayauliza kwa wanaume, nje ya masikio ya utingo.

Kijana wa Vurra ametolewa mrija, kwa upasuaji uliogawanywa mara mbili kwa sababu ya ganda la chumvi. Atahojiwa upya akipona kidonda. Dereva wa Oraba amehojiwa mara ya pili: alama za WISQOL ni zile zile za juu, na kwenye nyongeza, kwenye swali la kama angerudi barabara ya Juba jiwe likiondoka, amesema angerudi mradi apate utingo anayejua kuendesha. Jibu limeandikwa kama alivyolisema. Mgawo wa Julai: Oraba wiki ya kwanza, Vurra ya pili, soko na kambi wiki mbili za mwisho. Kadi za mzigo zichapishwe upya kwa karatasi ngumu kabla ya mvua, na kauntabuku ya stenti ikaguliwe kila Jumatatu.